Nani Alikuwa Ameishika?

Glasi ikivunjika kwenye nyumba ya watu hapa Nairobi, swali la kwanza huwa si "umejikata?" Swali la kwanza ni "nani alikuwa ameishika?" Na jibu karibu kila mara ni dada wa kazi, kwa sababu ndiye anayeziosha, anayezipanguza, anayezipanga kabatini, anayezitoa wageni wakija na kuzirudisha wakienda. Ameishika hiyo glasi mara mia. Mwenyewe aliishika siku ya kuinunua. Mwisho wa mwezi hesabu inafanywa: mshahara, toa glasi.

Mimi nasema huo ni wizi. Na msinione kama mtu asiyejali vyombo. Nina glasi tisa na jagi moja, zote za kupulizwa kwa mkono, hakuna mbili zinazofanana. Nyingine nilizitoa Gikomba kwenye lundo la vyombo vya mitumba, nne nilipewa na mteja aliyekosa pesa ya kunilipa makala. Ndio maisha ya kuandika bila ajira na bila digrii; niliacha chuo mwaka wa pili na tangu hapo nimelipwa kwa vitu vingi visivyo pesa. Hizo glasi ndizo mali pekee niliyo nayo isiyochajiwa kwa umeme. Nazipenda. Ndiyo maana nimejifunza zinavunjikaje, na ndiyo maana nakasirika.

Tuanze na kioo chenyewe. Kule Kitengela, ng'ambo ya mbuga ya wanyama ya Nairobi, Nani Croze na mwanawe Anselm wamefanya jina la mahali liwe jina la aina ya glasi. Wanayeyusha vioo vya madirisha vilivyotupwa, kwenye tanuri lenye joto la zaidi ya nyuzi 1,000. Fundi anachota uji wa kioo kwa ncha ya mrija wa chuma, anapuliza, anazungusha, anavuta mdomo kwa koleo. Kisha glasi inaingia kwenye tanuri la pili, karibu na nyuzi 500, na kupoozwa polepole kwa saa nyingi. Hatua hiyo ya pili ndiyo wengi hawaijui. Glasi ikipoa haraka, ngozi yake inakauka kabla ya moyo, na inabaki na mvutano ndani milele. Utaiweka mezani inang'aa, kumbe imebeba ugomvi wake tumboni.

Kuna jambo la pili. Kioo kina nguvu sana ukikikandamiza na udhaifu mkubwa ukikivuta. Kikivutwa, ufa huanzia kwenye mkwaruzo, hata ule usioonekana kwa macho. Na mkwaruzo ukishaingia, unyevu wa kawaida tu unausaidia kukua kidogo kidogo, wiki baada ya wiki. Kwa hivyo glasi iliyopasuka leo asubuhi pengine ilianza kupasuka Krismasi iliyopita, wakati mjomba aliigonga kwa kijiko akitaka watu wanyamaze ahutubie. Hakuna aliyeona. Ufa ulikaa pale ukingoja. Halafu dada wa kazi akaishika Jumanne, kwa upole kabisa, na ikamfia mkononi.

Sasa niambie, nani alikuwa ameishika?

Mathe alifanya kazi za nyumba kwa watu kwa miaka kumi na mbili. Katika nyumba moja aliambiwa vyombo vyote vioshwe kwa maji moto, maana mtoto alikuwa na homa. Kulikuwa na jagi la kioo, zito, kitako kinene kama matofali, lilikuwa limelala kwenye friji na juisi. Akalimwaga, akalimiminia maji ya birika kama alivyoagizwa. Kitako kikatoka kizima kama kifuniko. Mwenye nyumba akasema, "Mama Kevo, hili jagi nililinunua elfu mbili." Mwezi huo mathe alikuja nyumbani na mshahara uliopungua elfu mbili, na mwenye ploti akapewa hadithi badala ya kodi.

Ukiuliza kioo chenyewe, kesi hiyo ina majibu mepesi. Maji moto yalipogusa ndani, upande wa ndani ulitanuka. Upande wa nje ulikuwa bado una baridi ya friji, ukagoma. Ukavutwa. Kitako kinene kilizidisha balaa, kwa sababu joto linachukua muda mrefu zaidi kukipenya. Watu hudhani kioo kinene ndicho kigumu. Kwa maji moto, kinene ndicho hupasuka upesi. Mathe alifuata agizo. Aliyetoa agizo ndiye aliyevunja jagi, ila hakuwa ameishika.

Na sheria, kwa wale mnaopenda sheria, haiko upande wenu. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 19, inamruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika, lakini uharibifu uwe umetokana na kosa la makusudi la mfanyakazi. Makusudi, wasee. Glasi yenye sabuni kuteleza mkononi si makusudi. Jagi kupasuka kwa fizikia si makusudi. Amri ya mishahara iliyoanza Novemba 2024 iliweka kima cha chini cha mfanyakazi wa nyumbani hapa Nairobi kuwa shilingi 16,113.75 kwa mwezi. Wengi mnajua mnalipa ngapi. Kukata glasi kutoka kwa hela ambayo tayari iko chini ya hapo ni kumwibia mtu mara mbili kwa mwezi mmoja.

Najua mtaniambia: "Lakini nisipokata, hatakuwa makini." Hoja hii nimeisikia hadi kwa vijana wa rika langu, walioingia keja ya vyumba viwili juzi na tayari wanaongea kama mdosi. Haisimami. Mtu akijua kila glasi ina bei ya siku tatu za kazi yake, mikono inaanza kutetemeka, na mikono inayotetemeka huvunja. Pia anajifunza kuficha. Akiona ufa mdogo kwenye mdomo wa glasi hatakwambia, kwa sababu kukwambia ni kujilipisha. Atairudisha nyuma ya kabati, na mgeni wako ndiye atakayekatwa mdomo. Hofu haijawahi kulinda chombo.

Kinacholinda ni maarifa, na mwenye mali ndiye anapaswa kuyatafuta. Huko Marekani kuna watu wanaokusanya viko vya kuvutia moshi, vya kioo, vilivyotengenezwa kwa mkono. Mimi sina hata kimoja, na kinachotiwa ndani yake mnajua sheria yetu inakisemaje. Ila tabia moja ya wakusanyaji hao ningependa tuige: mwenye kiko ndiye anayekiosha. Anakiacha kipoe kwanza. Anatia spiriti na chumvi ya mawe, anaziba matundu, anatikisa, anasuuza kwa maji ya uvuguvugu. Chumvi inasugua masizi lakini ni laini kuliko kioo, haiachi mkwaruzo. Kisha kiko kinalala kwenye kisanduku chenye sponji iliyokatwa kwa umbo lake. Anajua pia kwamba kiko chake kwa kawaida ni cha borosilikati, kioo kinachovumilia joto. Kioo cha dirisha, kile cha glasi zetu, hutanuka karibu mara tatu zaidi kikipata moto. Ukiiga maji moto yake kwa glasi ya Kitengela, utaokota vipande.

Haya basi, kwa glasi zetu. Maji ya uvuguvugu, si ya birika. Glasi iliyotoka friji ipewe muda ifikie joto la chumba. Tandika taulo chini ya sinki la chuma, uoshe moja moja. Glasi mbili kwenye beseni moja zinapigana. Usiguse kioo kwa stilwaya wala sabuni ya unga ya masufuria, na kama kwenu mlifunzwa kusugua kwa mchanga, mchanga ni mgumu kuliko kioo, kila mzunguko unapanda mbegu ya ufa. Ukikaa upande wa maji ya chumvi, yale ya kisima yanayoacha ukungu mweupe, loweka kwa siki kidogo na maji, ule ukungu utaondoka bila kusuguliwa. Shika kitako unapokausha. Watu wengi hushika mdomo na kitako halafu wanazungusha mikono pande mbili kama wanakamua nguo. Hapo ndipo glasi nyingi hufa.

Kuhifadhi nako: zisimame kwa kitako, maana mdomo wa glasi ya mkono ndio sehemu dhaifu. Usizitumbukize moja ndani ya nyingine. Zikishikana, maji baridi ndani ya ile ya juu, ya uvuguvugu nje ya ile ya chini, subiri, zitaachana zenyewe bila ngumi.

Imechukua aya mbili. Mama mwenye nyumba angeweza kumwambia mathe yote haya kwa dakika tano, wakisimama pamoja kwenye sinki. Hakumwambia kwa sababu yeye mwenyewe hakuyajua, na hakuyajua kwa sababu hajawahi kuosha. Alijua bei tu.

Na hilo kabati la sebuleni, lile lenye milango ya kioo na kitambaa cha kufuma? Tumelelewa tukizitazama glasi za wageni kupitia mlango uliofungwa, sisi tukinywea vikombe vya plastiki vilivyotafunwa ukingoni. Watu wakaita hiyo kutunza. Lakini fundi aliyepuliza glasi ile alipima mdomo wake kwa kufikiria mdomo wa mtu. Ikikaa miaka kumi bila kunywewa inakusanya vumbi na grisi ya jikoni, halafu siku ya wageni inasuguliwa kwa haraka, kwa nguvu, na mtu mwenye wasiwasi. Glasi inayotumika kila siku hushikwa na mikono iliyoizoea. Mimi nanywea zangu uji, maji, hata chai ikipoa. Zilikuwa kumi. Moja ilimponyoka rafiki aliyekuja kunitembelea, tukafagia, tukaendelea na stori. Hakuna aliyelipa.

Kwa hivyo ukitaka kumiliki vitu vinavyovunjika, kubali kwamba vitavunjika, na kwamba hasara ni ya mwenye mali. Ndiyo maana ya mali. Huwezi kuchukua uzuri wote wa glasi wewe, halafu hatari yake yote ukampa mtu unayemlipa kidogo kuliko wote nyumbani. Kama moyo hauwezi kustahimili, nunua plastiki. Kama unaweza, mfundishe dada jinsi ya kuiosha, mpe glasi moja anywee yeye pia, na mkitoka sokoni pamoja mnunulie glavu za mpira. Na mwezi huu, kabla hujafanya hesabu ya mshahara, rudisha ulichokata mwezi uliopita.