Pingu si Ngao ya Raia

Miongoni mwa mawazo yanayopita bila kuhojiwa katika mijadala ya usalama wa raia, lipo lile linaloziona pingu kuwa silaha ya mtu mstaarabu: risasi huua, panga hukata na rungu huvunja mfupa, lakini pingu, yasemekana, humtuliza mhalifu pasipo kumwaga damu hadi askari watakapofika. Wazo hilo limeota mizizi zaidi Marekani, ambako wenye vibali vya kubeba bastola hujadiliana watamfanya nini mvamizi aliyekwisha kuinua mikono juu, na limeifikia Afrika Mashariki pamoja na bidhaa yenyewe, kwa kuwa pingu za chuma huuzwa mtandaoni na kuletwa mlangoni na mwendesha bodaboda sawasawa na chaja ya simu. Huruma iliyomo ndani ya wazo hilo ni ya kweli, na ndiyo maana huwanasa watu wema. Hata hivyo ni wazo potofu tangu mzizi wake, kwa sababu pingu hazina kazi yoyote wakati hatari ingalipo, na hatari ikishapita, anayezifunga huwa ameacha kujihami na kuanza kazi nyingine kabisa, ambayo hakuisomea, hakupewa, na hataweza kuimaliza.

Kasoro ya kwanza ni ya kiufundi. Pingu za kawaida ni bangili mbili zilizounganishwa kwa mnyororo mfupi, na kila bangili ina utepe wa chuma wenye meno unaoingia katika kitasa na kushikwa na komeo dogo, ambalo huyaruhusu meno kusonga mbele lakini huyazuia kurudi nyuma bila ufunguo. Umbo linalotumika leo latokana na hataza, yaani haki ya kisheria ya mbunifu, aliyopewa Mmarekani George Carney mwaka 1912 na ambayo kampuni ya Peerless ilianza kuitumia mwaka 1914: utepe wenye meno huzunguka na kupita mzima katikati ya bangili, hivyo askari anaweza kuigonga bangili kwenye kifundo cha mkono nayo ikajifunga yenyewe. Wepesi huo ndio unaowahadaa wanunuzi, ambao katika filamu husikia mlio mmoja wa chuma na kuona mambo yamekwisha. Kisichoonekana ni kwamba polisi hufundishwa kumweka mtuhumiwa kwanza katika hali ambayo hawezi kupigana, mikono nyuma na miguu mbalimbali, na hupendelea kuwa wawili, mmoja akidhibiti na mwingine akifunga, kwa maana kazi hiyo humlazimu mfungaji kumsogelea mtu hadi kusikia pumzi yake na kuishughulisha mikono yake yote miwili.

Mwenye nyumba aliyeamshwa saa nane za usiku na kishindo cha dirisha hana mwenzake wa kumsaidia, na huenda hata taa haijawashwa. Mvamizi asipokubali kufungwa, itabidi ashindwe kwanza kwa mabavu, na akishindwa kwa mabavu, basi si pingu zilizomwokoa mwenye nyumba. Hatari zaidi ni hali ya katikati, pale bangili moja inapokuwa imeshika na ya pili ingali inaning'inia, kwa kuwa mtu aliyepandwa na hofu sasa ana kipande cha chuma mwishoni mwa mkono, tena kisichoweza kumponyoka, na anaweza kukizungusha usoni mwa aliyemfunga. Anayebeba pingu pamoja na bastola yumo mashakani zaidi, maana hana budi ama kuirudisha bastola kiunoni ama kuishika kwa mkono mmoja huku akimkaribia mtu anayeweza kuipokonya. Kwa hiyo pingu hufungika tu kwa mtu aliyekwisha kushindwa au aliyekubali mwenyewe, na kifaa kinachosubiri ushindi upatikane kwa njia nyingine hakistahili kuitwa kinga.

Sheria nayo huliona jambo hilo hivyo hivyo. Hutofautisha kujihami, yaani kutumia nguvu ya kadiri ili kuzuia shambulio linaloendelea au lililo karibu kutokea, na kukamata, yaani kumnyima mtu uhuru wake wa kwenda ili afikishwe mbele ya vyombo vya dola. Nchini Tanzania haki ya kujihami imewekwa katika kifungu cha 18 cha Kanuni ya Adhabu na vifungu vinavyokifuata, na nchini Kenya kifungu cha 17 cha Kanuni ya Adhabu huiamua haki hiyo kwa misingi ya sheria ya kimapokeo ya Uingereza, yaani ile iliyojengwa na hukumu za majaji badala ya kutungwa na bunge. Katika mifumo yote miwili kinga hiyo hudumu kadiri tishio linavyodumu. Mvamizi akiisha kutupa nondo na kulala kifudifudi, haki ya kujihami imefika ukingoni, na kila jino la pingu linalosonga mbele baada ya hapo ni matumizi ya nguvu yanayohitaji uhalali mwingine.

Uhalali huo upo, lakini ni mwembamba kuliko wanavyodhani wanunuzi wa pingu. Kifungu cha 34 cha Sheria ya Utaratibu wa Kesi za Jinai ya Kenya kinamruhusu raia kumkamata mtu anayetenda mbele ya macho yake kosa ambalo polisi wangeweza kumkamata bila hati, au mtu anayemshuku kwa sababu za msingi kuwa ametenda kosa kubwa la jinai, na kifungu cha 35 kinamtaka amkabidhi kwa polisi pasipo kuchelewa bila sababu. Tanzania inatoa ruhusa ya namna hiyo katika kifungu cha 16 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai. Sheria za nchi zote mbili zinaongeza kwamba aliyekamatwa asizuiwe kwa nguvu kuliko inavyohitajika ili asitoroke, na hapo ndipo jirani aliyemfunga pingu kijana asiyejaribu hata kukimbia atakapoulizwa maswali. Akikosa jibu, anaweza kujikuta yeye ndiye mshtakiwa, kwa kuwa kumzuilia mtu isivyo halali ni kosa la jinai, ambalo nchini Kenya, kwa kifungu cha 263 cha Kanuni ya Adhabu, laweza kumfunga mtu mwaka mmoja.

Mfano wa Uingereza unafaa kutazamwa kwa karibu, kwa sababu unaonyesha jinsi raia mwenye nia njema anavyoweza kutumbukia. Mteja mmoja alishukiwa kuiba kipande cha chokoleti dukani, akafuatwa nje na mlinzi wa duka aliyesaidiwa na mpita njia, na katika purukushani akawashambulia waliotaka kumkamata. Baraza la wazee wa mahakama likamwachia kwa shtaka la wizi lakini likamtia hatiani kwa kuwashambulia watu hao kwa nia ya kukwepa kukamatwa. Mwaka 1992 Mahakama ya Rufani ikaifuta hatia hiyo, kwa hoja kwamba raia, tofauti na polisi, hakuwa na mamlaka ya kumkamata mtu baada ya tukio isipokuwa kosa lilikuwa limetendeka kweli, na kwa kuwa wizi haukuthibitika, hapakuwa na ukamataji halali wa kukwepwa. Sheria za Afrika Mashariki hazifanani na hiyo kila neno, na ya Kenya ni laini zaidi katika suala la kushuku. Lakini funzo la kesi hiyo halipungui: askari aliyekosea kwa nia njema hukingwa na cheo chake kwa kiasi kikubwa, ilhali raia husimama peke yake na kosa lake.

Hata pale ambapo ukamataji ni halali, aliyefungwa pingu hugeuka kuwa dhamana ya aliyemfunga, na ni dhamana nzito. Juu ya mfupa wa kifundo, upande wa kidole gumba, hupita tawi la neva, yaani mshipa wa fahamu, ambalo halina nyama ya kulilinda. Pingu zikibana hapo, mgongo wa mkono hufa ganzi inayoweza kudumu kwa wiki au hata miezi. Kwa sababu hiyo pingu bora zina kufuli ya pili, kitufe au kijiti kinachobonyezwa kwa ncha ya ufunguo ili meno yasisonge tena kwa upande wowote, na mtu asiyelijua jambo hilo atamwacha mateka wake akijibana mwenyewe kila anapojitikisa. Zaidi ya hayo, mtu aliyelazwa kifudifudi mikono ikiwa nyuma, hasa akiwa mnene, mlevi au ametoka kukimbia, huku mtu mwingine amemkalia mgongoni, anaweza kushindwa kupumua kwa sababu ya mkao wenyewe. Pale Minneapolis, tarehe 25 Mei 2020, George Floyd alikwisha kufungwa pingu alipokandamizwa chini na polisi kwa zaidi ya dakika tisa hadi akafa, na waliomkandamiza walikuwa na mafunzo, sare na redio ya kuitia msaada.

Inafaa ikumbukwe kwamba hata hao wenye sare hawaachiwi huru. Mwaka 1980 Mahakama ya Juu ya India, katika shauri la Prem Shankar Shukla, ilisema kwamba kumfunga mtuhumiwa pingu ni kitendo kinachopaswa kwanza kuhesabiwa kuwa si cha kibinadamu mpaka askari aonyeshe sababu ya kweli ya kuhofia kutoroka, na Kanuni za Mandela za Umoja wa Mataifa za mwaka 2015 zinabana matumizi ya vifaa vya kuwafunga wafungwa kwa masharti makali. Ni ajabu kwamba chombo ambacho majaji humtaka polisi akieleze, raia anaambiwa akinunue kama tochi.

Hoja yenye uzito kuliko zote kwa upande wa pili inatoka mitaani. Katika miji ya Tanzania na Kenya, kilio cha "mwizi!" huweza kukusanya kwa dakika chache kile ambacho magazeti hukiita wananchi wenye hasira kali, na baada ya hapo huja mawe, tairi na petroli. Je, si afadhali raia mmoja mwenye busara amfunge kibaka pingu na kutangaza kwamba atapelekwa kituoni? Hoja hii inagusa maisha ya watu, wala haistahili kudharauliwa, lakini inakosea kuhusu umati. Mtu anayepigwa ana vitu viwili tu vya kumwokoa: miguu ya kukimbilia na mikono ya kukinga kichwa. Pingu humwondolea cha pili na kukilemaza cha kwanza, kwani asiye na mikono ya kujizuia huanguka kila anaposukumwa. Pia humhukumu, kwa maana umati unaokuta mtu amefungwa chuma hauulizi aliyemfunga ni nani, bali huchukulia kwamba hatia imekwisha kuthibitika. Na mawe yakianza kurushwa, mwenye ufunguo, akiwa binadamu wa kawaida, atakuwa wa kwanza kujiokoa. Waliopona katika mikasa ya namna hii wamepona kwa kuingizwa ndani ya duka, nyumba au ofisi ya serikali ya mtaa na mlango kukomewa, na kazi hiyo haihitaji pingu.

Limebaki jambo ambalo watetezi wa pingu hulinyamazia, nalo ni kwamba pingu huonekana. Mtu anayemfunga mwingine pingu hadharani hutangaza, hata bila kufungua kinywa, kwamba yeye ni dola, na watazamaji husogea kando. Wahalifu wanaujua ukweli huo vizuri. Novemba 2024 mkanda wa video kutoka Kiluvya, nje kidogo ya Dar es Salaam, ulienea nchini kote ukionyesha wanaume wakijaribu kumfunga pingu mfanyabiashara na kumsukumiza ndani ya gari, naye akipiga kelele kwamba anatekwa. Katika nchi ambayo maneno "watu wasiojulikana" yamekuwa msamiati wa kila siku, kinga iliyobaki kwa mpita njia ni kushtuka aonapo pingu mikononi mwa mtu asiye na sare wala kitambulisho, na kupaza sauti. Raia wema wakizoea kutembea na pingu viunoni, mshtuko huo utakufa, na watekaji watakuwa wamepewa maficho ambayo wasingeweza kuyanunua. Marekani yenyewe imeonja matunda ya raia wanaojipa upolisi. Wanaume watatu waliomkimbiza kwa magari na kumuua kwa risasi kijana mweusi aliyekuwa akikimbia karibu na Brunswick, jimboni Georgia, Februari 2020, walijitetea kwa sheria ya mwaka 1863 ya ukamataji wa raia, na jimbo hilo likaifuta sheria hiyo mwezi Mei 2021, miezi michache kabla hawajatiwa hatiani kwa mauaji.

Itasemwa kwamba walinzi wa kampuni binafsi na sungusungu, yaani vikundi vya ulinzi wa jadi vilivyoanzia kwa Wasukuma na Wanyamwezi mwanzoni mwa miaka ya 1980, hukamata watu ingawa si polisi. Ni kweli, lakini hao wana kiongozi anayejulikana, zamu inayoandikwa na mahali pa kulalamikia, na kama dola itaona wanahitaji pingu, iwape kwa mafunzo na kwa kibali, kama linavyofanya jimbo la New South Wales nchini Australia, ambalo sheria yake ya mwaka 1998 inaziweka pingu katika orodha ya silaha zilizopigwa marufuku kwa asiye na ruhusa. Mwenye nyumba haombi mfumo huo. Anaomba kulala salama, na kwa fedha zile zile atanunua komeo imara la ndani kwa ajili ya mlango wa chumba cha kulala na taa ya uani, kisha atapiga 112 au 999 akiwa nyuma ya mlango uliofungwa. Mvamizi akikimbia, na akimbie: kwa mwenye nyumba hapo kujihami kumekwisha kufanikiwa, na kumsaka aliyekimbia ni kazi ya watu wanaolipwa mshahara kwa ajili hiyo, wenye pingu, ufunguo wa pingu na mahali halali pa kumweka.