Kila Nyumba Ina Shimo Lake

Askari anaporudi nyumbani kwa likizo, watoto humzunguka wakitaka kujua watakwenda wapi. Aghalabu jibu huwa sokoni, kwa shangazi au uwanja wa mpira. Ni nadra baba kusema, "Twende tukaone timbo." Hata hivyo, pale mawe yalipochimbwa ndipo mtoto huweza kujua nyumba anayolala imetoka wapi, na imeacha nini nyuma yake.

Ukuta, uwe wa mawe, wa simenti au wa matofali ya kuchoma, hapo zamani ulikuwa sehemu ya ardhi. Kilichopandishwa juu mahali pamoja kimechimbuliwa mahali pengine. Nyumba hupakwa chokaa na kusifiwa, shimo husahauliwa. Mvua hulijaza maji, kingo zake huporomoka, na mtoto aliyekwenda kuogelea humo huenda asirudi kwa mama yake. Wahenga walisema, "Mwana kidonda, mjukuu kovu."

Lipo timbo moja ambalo halikusahauliwa. Huko Bamburi, kaskazini ya mji wa Mombasa nchini Kenya, kiwanda cha simenti kilianza kazi mwaka 1954. Mawe yake yalikatwa katika mwamba wa chokaa wa pwani, na baada ya miaka mingi likabakia jangwa jeupe lenye joto kali, lisilo na udongo, na maji yake ya chini yakiwa na chumvi. Mwaka 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi aliyekuwa akifanya kazi na kampuni hiyo tangu 1959, alijaribu kupanda humo aina 26 za miti. Zilizostahimili zilikuwa tatu tu: mnazi, damas wa Somalia, na mvinje.

Mvinje ulikuwa mwokozi. Katika mizizi yake huishi vijidudu vinavyotwaa naitrojeni ya hewani na kuulisha mti, hivyo huweza kukua hata pasipo na rutuba. Lakini majani yake makavu yalianguka na kulala juu ya jiwe bila kuoza. Ndipo akaletwa jongoo mwenye miguu myekundu, ambaye wengi humkanyaga bila kufikiri. Jongoo aliyala majani, na kinyesi chake kikawa mwanzo wa udongo mweusi. Juu ya udongo huo ikaota miti mingine, wakaja ndege na vipepeo, yakachimbwa mabwawa ya samaki, na wanyama wakafugwa. Mwaka 1984 wananchi walifunguliwa milango. Leo mahali hapo huitwa Haller Park, na wanafunzi huzuru humo kujifunza.

Somo la kwanza liko katika mwamba wenyewe. Mtoto akitazama kwa makini jiwe la pwani hiyo, huona alama za matumbawe na makome. Takribani miaka 125,000 iliyopita, bahari ilikuwa juu kuliko leo kwa mita kadhaa, na viumbe wadogo wa matumbawe walijenga mwamba wao chini ya maji. Bahari iliposhuka, mwamba ukabaki nchi kavu. Kiwandani jiwe hilo huchanganywa na udongo wa mfinyanzi na kuchomwa kwa joto la kiasi cha digrii 1,450, ndipo husagwa likawa simenti. Basi nyumba ya simenti imejengwa kwa kazi ya wanyama wa baharini.

Si lazima familia ya Burundi ifunge safari hadi Mombasa. Aishiye Nyamugari, iwe ya upande wa Gitega au ya Muyinga, yuko katika nchi yenye mawe makongwe zaidi. Sehemu kubwa ya miamba ya eneo hilo ilikuwa mchanga na tope chini ya maji zaidi ya miaka milioni 1,000 iliyopita, kisha ikashindiliwa, ikapata joto na kuwa migumu. Popote kilima kilipokatwa, kwa ajili ya barabara au matofali, matabaka yake huweza kusomwa kama kurasa.

Mzazi na achukue kisu kikuukuu na chupa ndogo ya siki. Jiwe la chokaa hukwaruzika, na unga wake ukidondoshewa siki hutoa povu. Jiwe la kwatzi halikwaruziki kwa kisu, wala halitoi povu. Kwa jaribio hilo dogo mtoto huanza elimu ya miamba.

Lakini kwanza ruhusa iombwe kwa mwenye machimbo. Watoto wavae viatu, wadogo washikwe mkono, na asiwepo wa kusimama chini ya ukingo wala kuingia katika maji ya shimo. Mawe yasipigwe nyundo karibu na macho.

Kabla ya kurudi, mzazi amwulize mwanawe swali moja: ni nani atakayelifunika shimo hili? Kama jibu halipo, wabebe miche siku nyingine, kwa idhini ya mwenye shamba. Bamburi palianza kwa miti iliyokufa zaidi ya iliyopona, na kwa subira ya jongoo.