Bomu Likipiga Hospitali, Nani Ajibu?

Alfajiri ya tarehe 3 Mei 2025, helikopta za kivita zilifika juu ya mji wa Old Fangak, katika jimbo la Jonglei, Sudan Kusini. Ziliangusha bomu juu ya stoo ya dawa ya hospitali iliyokuwa ikiendeshwa na shirika la Madaktari Wasio na Mipaka. Stoo iliteketea yote. Halafu zikaupiga mji risasi kwa muda wa nusu saa hivi. Asubuhi ndege isiyo na rubani ikapiga soko. Watu wasiopungua 7 waliuawa na wengine wapatao 20 walijeruhiwa.

Hospitali hiyo ndiyo ilikuwa ya pekee katika wilaya nzima ya Fangak, yenye wakazi zaidi ya 100,000. Nchi ile ni ya mabwawa ya Mto Nile. Hakuna basi la kukupeleka hospitali nyingine. Mgonjwa hubebwa au hutiwa mtumbwini, na dawa hufika kwa ndege au kwa mashua. Stoo ikiungua, mwenye malaria, mwenye kala-azar na mama aliyepasuliwa ili ajifungue wote wamehukumiwa, ingawa bomu lenyewe halikuwagusa. Kwa hiyo hesabu ya watu 7 ni hesabu ya siku ile tu.

Sudan Kusini ni jirani yetu wa mlango kwa mlango. Tangu mwaka 2016 imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki pamoja nasi. Wakimbizi wake wako Kakuma, na mizigo yake hupita bandari ya Mombasa. Basi tuna haki ya kuuliza: ni nani atakayejibu kwa jambo hili?

Sheria yenyewe haina utata. Mikataba ya Geneva ya mwaka 1949, ambayo Sudan Kusini ilijiunga nayo baada ya kupata uhuru, inakataza kushambulia hospitali za raia. Kinga hiyo huondoka tu ikiwa hospitali inatumiwa kumdhuru adui, na hata hapo ni lazima onyo litolewe kwanza, na muda wa kutosha uachwe. Anayeficha bunduki wodini naye ana hatia yake, awe mwasi au askari wa serikali. Lakini hatia yake haimpi mwingine ruhusa ya kuunguza wagonjwa. Tena Madaktari Wasio na Mipaka wamesema kwamba mahali ilipo hospitali ya Old Fangak walikuwa wamezijulisha pande zote za vita mapema. Hakuna wa kusema hakujua.

Jambo la kusikitisha zaidi ni hili. Tarehe 3 Mei 2016 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha kwa kauli moja azimio namba 2286, la kulaani mashambulizi juu ya hospitali, wagonjwa na wafanyakazi wa afya, na kutaka wenye hatia wawajibishwe. Old Fangak ilipigwa miaka 9 baadaye, tarehe ileile na mwezi uleule. Maazimio hayajapungua duniani. Kinachokosekana ni mtu mmoja wa kusimamishwa kizimbani.

Tutazame mifano, maana msitu ni mpya lakini nyani ni wale wale.

Jirani yetu Uhabeshi alipovamiwa na Italia ya Mussolini, ndege za Italia ziliupiga mji wa Dessie tarehe 6 Desemba 1935, na hospitali ya Wamarekani iliyokuwa na alama ya Msalaba Mwekundu haikunusurika. Tarehe 30 Desemba zikapiga hospitali ya mahema ya Msalaba Mwekundu wa Swideni huko Melka Dida, karibu na Dolo, si mbali na mpaka wa Kenya. Wagonjwa wengi walikufa vitandani mwao. Italia ilitoa sababu nyingi: mara Wahabeshi wanaitumia vibaya alama ya msalaba, mara ni kisasi cha rubani wa Kitaliano aliyeuawa baada ya kukamatwa. Jemadari wa upande ule wa kusini alikuwa Rodolfo Graziani. Baada ya Vita Kuu ya Pili Uhabeshi iliomba Graziani na mwenzake Badoglio wahukumiwe kwa maovu yao. Haikusikilizwa. Graziani alihukumiwa nchini kwake mwaka 1950 kifungo cha miaka 19 kwa kosa la kushirikiana na Wajerumani, akatoka baada ya miezi michache tu. Kwa damu ya Wahabeshi hakujibu hata siku moja. Mwaka 2012, katika mji wa Affile, Italia, alijengewa mnara wa kumkumbuka kwa fedha za umma.

Mfano wa pili ni wa Kunduz, Afghanistan. Usiku wa tarehe 3 Oktoba 2015 ndege ya kivita ya Marekani iliipiga hospitali ya shirika hilihili la Madaktari Wasio na Mipaka. Wakati risasi zinaendelea kunyesha, madaktari walikuwa wakipiga simu Kabul na Washington kuomba zisimamishwe. Watu 42 waliuawa: wagonjwa 24, wafanyakazi 14 na jamaa 4 waliokuwa wakiwauguza wagonjwa. Hapo pia mahali ilipo hospitali palikuwa pamejulishwa. Jeshi la Marekani lilijichunguza lenyewe, likasema yalikuwa makosa ya watu na ya mitambo, kwamba walidhani wanapiga jengo jingine. Watu 16 walipewa adhabu za kikazi. Hakuna hata mmoja aliyeshtakiwa kwa jinai. Jamaa wa kila marehemu walipewa dola 6,000.

Ndugu wafanyakazi, maneno hayo tunayafahamu sana. Mwenzetu akikatwa vidole na mashine isiyo na kinga, ripoti husema alizembea. Mpuliza dawa shambani akianguka kwa sumu kwa kuwa hakupewa barakoa, nyapara huandika kwamba hakufuata maagizo. Aliyeamua kwamba kinga ni gharama ya bure hatajwi. Aliyetaka kazi imalizwe haraka hatajwi. Lawama hushuka ngazi mpaka imkute kabwela wa chini, na kama haikumpata mtu, basi huwekewa mashine. Kisha mwenye kiwanda hujichunguza, hujisamehe, na kutoa bahasha ya pole.

Vita navyo ni kazi yenye ngazi zake. Helikopta ya kivita si baiskeli ambayo mtu aweza kuiazima kwa jirani. Ina rubani, ina fundi, ina mafuta yaliyopimwa, ina mabomu yaliyotolewa ghalani. Shambani kwetu gunia moja la mbolea haliondoki stoo bila sahihi. Je, bomu litaondokaje? Wapiganaji wa vijiji vya Fangak hutembea kwa miguu na kwa mitumbwi. Kidole kinaelekea kwa jeshi la serikali, na ni juu ya serikali ya Juba kufungua madaftari yake na kuonyesha ni nani aliyetoa amri, ni nani aliyechagua mahali pa kupiga, na ni nani aliyekuwa na uwezo wa kuzuia asizuie.

Hatusemi rubani hana hatia. Tangu kesi za Nuremberg inajulikana kwamba amri ya mkubwa haimtakasi mtu. Lakini sheria za kimataifa zinakwenda mbali zaidi: kamanda aliyejua, au aliyepaswa kujua, asizuie wala asiadhibu, naye ana hatia. Kwa maoni yetu hiyo ndiyo kanuni ya haki, vitani na kiwandani pia. Mwenye madaraka makubwa zaidi abebe mzigo mkubwa zaidi.

Basi twadai mambo matatu.

Kwanza, uchunguzi ufanywe na watu wasio wa jeshi linalotuhumiwa, na matokeo yatangazwe hadharani. Mtuhumiwa hawezi kuwa hakimu wake mwenyewe.

Pili, mahakama maalumu ambayo viongozi wa Sudan Kusini waliahidi kuiunda pamoja na Umoja wa Afrika, katika mkataba wa amani wa 2015 na tena katika ule wa 2018, iundwe kweli. Old Fangak ilipokuwa inaungua mahakama hiyo ilikuwa bado ni maandishi tu. Serikali za Jumuiya yetu zisiendelee kunyamaza kana kwamba ahadi ile haikutolewa mbele ya macho yao.

Tatu, waliopoteza jamaa na hospitali yao walipwe fidia ya haki. Pole si fidia, na fidia si badala ya kesi.

Je, na sisi wenyewe? Mwaka 1974, katika kiwanda cha Rolls-Royce huko East Kilbride, Scotland, wafanyakazi walikataa kutengeneza injini za ndege za Hawker Hunter za jeshi la Chile, ndege za aina ileile iliyopiga ikulu ya Rais Allende mwaka mmoja kabla. Injini zile zilikaa miaka 4 nje ya kiwanda zikiharibika. Aprili 2008, wafanyakazi wa bandari ya Durban walikataa kupakua silaha za Zimbabwe zilizokuwa katika meli ya Kichina An Yue Jiang, na meli ikaondoka na mzigo wake. Hawakuwa majemadari wala mabalozi. Walikuwa watu wa spana na wa kreni, na walikuwa na chama kilichosimama nyuma yao.

Mwaka 2018 Baraza la Usalama lilipiga marufuku kupeleka silaha Sudan Kusini. Marufuku ya karatasi hulindwa na macho ya watu. Makuli wa Mombasa, madereva wa malori wa Malaba na Nimule, makarani wa forodha: hawa ndio huona kinachopita. Mfanyakazi mmoja akikataa peke yake atafukuzwa kazi, nasi hatumshauri ajitose peke yake. Ndiyo sababu jambo hili lapaswa kujadiliwa katika matawi yetu mapema, na vyama vyetu vya Kenya, Uganda na Tanzania vikubaliane msimamo mmoja kabla shehena haijafika gatini.

Wauguzi, wakunga na wasafishaji wa hospitali ya Old Fangak ni wafanyakazi kama sisi. Walikuwa kazini. Tunataka jina la aliyetia sahihi.