Vitabu 22, na Swali Moja la Mama

Ndugu zangu wanachama, mimi ninalo daftari. Nililianza chuoni nilipokuwa nikijifunza ualimu, na kila kitabu nikimalizacho nakiandika humo: jina lake, mtungaji wake na tarehe. Desemba ikifika nahesabu. Mwaka 2023 nilipata vitabu 22, nikajiona mtu kweli kweli. Vijana wenzangu ofisini niliwatajia hesabu hiyo pasipo kuulizwa.

Basi, Februari 2024 nilitumwa kuhutubia mkutano katika kijiji kimoja cha wakulima wa korosho. Nilisema sana, na watu wakapiga makofi. Nilipokaribisha maswali akasimama mama mmoja mtu mzima. "Mwanangu," alisema, "binti yangu hana mume. Ameomba ekari mbili katika ardhi ya kijiji, akaambiwa amlete kaka yake ndipo aandikiwe. Nauliza, hiyo ni sheria au ni mazoea yenu wanaume?"

Sikujua. Nikajibu kwamba Chama kinalitazama jambo hilo kwa uzito, na ya kuwa maendeleo ya akina mama ndiyo maendeleo ya taifa. Makofi tena. Mama yule hakupiga. Alijifunga khanga yake vizuri, akaketi.

Usiku ule nililifungua daftari. Katika vile vitabu 22, tisa vilikuwa vya kufundisha mtu kutajirika, vyembamba, vilivyoandikwa na watu wa Marekani ambao sidhani wamepata kuuona mkorosho. Sita vilikuwa hadithi za upelelezi. Hizo sizitukani, Muhammed Said Abdulla, mtungaji wa Mzimu wa Watu wa Kale, alizipa heshima yake katika lugha yetu, na mwalimu wa Kiswahili anayemdharau yafaa ajichunguze. Vingine nilivipitia mbio mbio mwezi wa Desemba ili hesabu ivuke 20. Juu ya ardhi, ambayo kila mkutano wetu huishia hapo, hapakuwa na hata kimoja.

Mwaka ule wa 2024 nilisoma vitano tu. Cha kwanza wengi hawatakiita kitabu: Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999. Niliichapisha dukani kwa fedha yangu, nikaisoma kwa penseli, kifungu kwa kifungu, kama mwalimu anayejua kwamba kesho wanafunzi watamuuliza. Ilinichukua karibu miezi mitatu. Na jibu la yule mama, ndugu zangu, lilikuwa mlangoni kabisa! Kifungu cha 3 chasema haki ya mwanamke ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi ni sawasawa na ya mwanamume. Mbele, kifungu cha 20 chaiondolea nguvu mila yo yote inayomnyima mwanamke ardhi. Tena, katika Baraza la Ardhi la Kijiji wajumbe ni saba, na watatu hapana budi wawe wanawake. Sheria hiyo ilianza kutumika Mei 2001, nami wakati huo sijaanza hata darasa la kwanza. Imeningoja miaka yote hiyo.

Wako ndugu wasemao kwamba mwenezi awajue watu, makaratasi awaachie mawakili. Nusu ya neno hilo naikubali, maana ni mtu, wala si orodha ya mtu, aliyenionyesha kitabu gani nisome. Lakini wakili yuko mjini, na nauli ya kwenda na kurudi mama yule hana. Aliye mbele yake kwenye mkutano ni mimi.

Wengine tunasema hatuna nafasi. Mwalimu Nyerere alikuwa Rais mwaka 1963 ilipotoka tafsiri yake ya Julius Caesar wa Shakespeare. Shaaban Robert alikuwa karani katika serikali ya kikoloni, akatunga. Sisi tuna kata moja, nasi twaona taabu kusoma kurasa kumi kabla ya kulala! Nilijipima juma moja nikaona simu yanichukua saa mbili kila siku, nyingi katika hizo nikitazama watu wakibishana.

Juni nilirudi kijijini. Niliisoma sheria mbele ya mkutano, polepole, kwa Kiswahili cha kawaida. Mwenyekiti hakukasirika, aliomba nakala, akasema na yeye hakuwahi kuiona. Nikamtafuta yule mama, nikamwamkia. Akaniambia zile ekari mbili mwezi wa Aprili alipewa mtu mwingine, mwanamume, naye ameshapanda mikorosho. Binti yake amekwenda mjini kutafuta kazi za nyumbani. "Ungalisoma mapema, mwanangu," alisema. Kisha akaniletea maji ya kunywa.

Daftari ninalo bado, ila nimelichora safu mpya. Pembeni ya jina la kitabu naandika ni nani aliyeuliza swali lililonifanya nikisome, na kama nimemrudia kumpa jibu. Nilipohesabu Desemba 2024, katika vitabu vitano vilivyokuwamo, viwili safu hiyo ilikuwa tupu. Cha kwanza kina jina la yule mama, na alama ya kumaliza sijaitia, kwa kuwa ombi jipya la binti yake bado liko mbele ya Halmashauri ya Kijiji.