Mbwa Tuliyemwita Mshenzi

Msomaji, ukitoka Kawangware asubuhi kwa miguu kuelekea Lavington, kabla ya nusu saa kwisha utakuwa umekutana na mbwa wa namna mbili. Wa kwanza yuko upande wetu. Rangi yake ni ya udongo, masikio yamesimama, mkia umejikunja, naye huvuka njia kati ya mikokoteni na matatu kwa hadhari iwashindayo watu wengi. Wa pili yuko ng'ambo ya ua wa michongoma. Amevishwa ukanda mwekundu shingoni, uso wake ni bapa, macho yamemtoka, naye anakoroma ilhali yu macho. Wa kwanza hana bei. Wa pili alinunuliwa kwa fedha ambazo zingelipa kodi ya chumba kimoja cha Kibera kwa miezi mingi. Watu wamekubaliana, pasipo kuketi na kushauriana, kwamba yule wa pili ndiye mbwa, na kwamba huyu wa kwanza ni takataka ya njiani. Mimi naikataa hukumu hiyo, tena naikataa hasa kwa ajili yako wewe ambaye huenda kesho ukamwomba baba yako akununulie mbwa mdogo wa kupendeza.

Mwaka mmoja niliwapa wanafunzi wangu insha juu ya mbwa wao. Wengi wao walikuwa watoto wa Kibera, kutoka Laini Saba, Lindi na Gatwekera, mahali ambapo mbwa hawakosekani hata siku moja. Nilisoma madaftari mpaka usiku. Karibu kila mbwa aliyeelezwa alikuwa mweupe, mwenye manyoya marefu, aliyelala juu ya zulia. Hakuna aliyeandika juu ya mbwa aliyempita mlangoni asubuhi ile. Sikuwapunguzia alama, kwa kuwa sarufi ilikuwa njema, lakini nilihuzunika.

Ningeweza kuiacha huzuni hiyo daftarini kama isingalitoka nje ikauma watu. Jirani yangu wa ploti moja Kawangware, fundi cherehani mwenye watoto watatu, aliweka akiba kwa muda mrefu akamnunulia binti yake mtoto wa mbwa wa aina iitwayo Pug. Alimnunua kwa mchuuzi wa kando ya barabara. Aliambiwa kwamba amekwisha kuchanjwa. Cheti hakuonyeshwa, wala mama wa mbwa hakumwona. Chumba chao kilikuwa cha futi 10 kwa 10, kuta za mabati na paa la mabati, na mwezi ulikuwa Februari. Mbwa hatoki jasho mwili mzima kama sisi. Hupoza mwili wake kwa kuhema, hewa ikapita juu ya ulimi na ndani ya pua, ikachukua joto na kutoka nalo. Ukimfupisha pua, umemnyang'anya chombo chake cha kujipoza. Adhuhuri ile nilimkuta binti amepiga magoti, akimpepea mnyama kwa kifuniko cha sufuria. Ulimi ulikuwa umegeuka rangi ya zambarau. Jioni alizikwa kando ya mtaro, na deni la fedha zilizokopwa kutimiza bei yake liliendelea kulipwa hadi Agosti.

Utasema: hiyo ilikuwa bahati mbaya. La hasha. Pua ile fupi haikuletwa na bahati. Ililetwa na watu waliowachagua mbwa wenye nyuso bapa, wakawazalisha ndugu kwa ndugu na shangazi kwa mpwa, kizazi baada ya kizazi, kwa sababu uso kama wa mtoto mchanga uliwafurahisha. Mfupa ulifupika, nyama za ndani ya koo hazikufupika pamoja nao, zikaziba njia ya pumzi. Mwaka 2022 wataalamu wa Chuo cha Kifalme cha Utabibu wa Wanyama cha London walitangaza kwamba mbwa wa aina hii ana uwezekano karibu mara mbili ya mbwa wengine wa kuugua maradhi katika mwaka mmoja. Mnamo Oktoba 2023 Mahakama ya Juu ya Norwei iliamua kwamba kumzalisha mbwa mwingine mdogo, Cavalier King Charles Spaniel, ni kuivunja sheria ya ustawi wa wanyama, kwa vile moyo wake na fuvu lake vimeharibiwa na nasaba. Hao ndio Wazungu ambao tunadhani tunawaiga. Wao wanajuta, nasi tunakopa fedha ili tuupate uovu wanaoujutia!

Sasa tulitazame neno moja. Zamani za ukoloni walowezi wa Kenya walimwita mbwa wetu "mbwa shenzi". Neno lilikuwa letu, dharau ilikuwa yao, nasi tumevirithi vyote viwili. Katika misitu ya Kongo alikuwako mbwa mdogo wa jamii hiyohiyo: kimo cha sentimita 40 hivi begani, uzito wa kilo 10 au 11, mkia wa pete, asiyebweka kama wengine. Waingereza walimchukua wakamwita Basenji, jina ambalo ni ndugu wa neno letu "washenzi", na mwaka 1937 wakamwonyesha kwenye maonyesho makubwa ya Crufts, mjini London. Mara akawa mbwa wa fahari mwenye hati za ukoo. Lakini waliochukuliwa walikuwa wachache mno. Wakazalishwa wao kwa wao, na ugonjwa wa figo ukaenea katika damu yao, ugonjwa unaofanya sukari na virutubisho vipotee katika mkojo. Je, dawa ilitafutwa wapi? Mwaka 1987 na tena mwaka 1988 Wamarekani walifunga safari mpaka kaskazini-mashariki mwa nchi iliyoitwa Zaire wakati ule, wakawatafuta mbwa wa vijijini, wale wasio na hati wala bei, ili watie damu mpya katika ukoo uliodhoofika. Mwaka 1990 daftari la ukoo la Marekani likafunguliwa kuwapokea. Mshenzi aliitwa kwenda kumponya bwana mkubwa.

Sidai kwamba mbwa wa Kibera ni Basenji. Huenda babu yake mmoja alitoka kwa mlowezi wa Karen na mwingine kwa mchungaji wa Ngong. Hilo halimpunguzii kitu. Mchanganyiko ndio akiba yake, maana kasoro aliyoirithi kwa mama hufunikwa na uzima alioupata kwa baba. Tena amepita katika mtihani ambao hakuna jopo la maonyesho liwezalo kuutunga, yaani miaka mingi ya njaa, mvua, kupe na magurudumu. Waliokuwa dhaifu hawakuacha watoto.

Wako wanaonipinga, na hoja zao si za kipuuzi. Iliyo nzito kuliko zote ni kichaa cha mbwa. Ugonjwa huu ukishaonyesha dalili kwa mtu, kupona ni karibu muhali, na karibu watu wote wanaokufa nao duniani waliumwa na mbwa. Lakini kichaa hakiulizi ukoo. Hukimbizwa na chanjo: mtoto wa mbwa achanjwe atimizapo miezi 3, na chanjo irudiwe kila mwaka. Mpango wa Kenya uliotolewa mwaka 2014 unakusudia kukomesha vifo hivi ifikapo mwaka 2030, na hesabu yake ni kwamba mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kupita. Mbwa wa njiani asiyechanjwa ni hatari kwako. Umchukue, umchanje, naye anakuwa sehemu ya ukuta unaomlinda mtoto wa jirani. Na ukiumwa na mbwa yeyote, hata wa Lavington, osha jeraha kwa sabuni na maji yatiririkayo dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo.

Hoja ya pili ni ya dini. Wanubi wa Makina, wazao wa askari wa King's African Rifles, ni Waislamu, na majirani wengi wa Kibera wanahesabu mate ya mbwa kuwa najisi. Mwenye kufuga anapaswa kuhakikisha kwamba mnyama wake hagusi kizingiti cha jirani, nguo zilizoanikwa wala chombo cha maji ya udhu. Asiyeweza kutimiza hayo asifuge. Vilevile asifuge mwenye nia ya kumfunga mnyama kamba fupi mchana kutwa.

Ikiwa umeyakubali hayo, usinunue mahali popote. Muulize mwenye bucha, mwenye kibanda cha kuni, au bawabu: mbwa gani wa hapa amezaa? Nenda umtazame mama kwanza, kwa kuwa yeye ndiye cheti cha kweli. Ukitaka mbwa mdogo, chagua mama mdogo. Awe mpole mbele ya watoto wake, asiwe mwoga wa kila kivuli. Kisha chagua mtoto anayekujia mwenyewe, mwenye macho makavu, pua isiyo na kamasi, ngozi isiyo na upele. Tumbo lililovimba kama ngoma juu ya mbavu nyembamba ni minyoo, nayo huwapata hata watoto wa watu, mpe dawa. Usimtoe kwa mama kabla ya wiki 8. Ugali na omena vitamfaa, mifupa ya kuku iliyopikwa humchoma tumbo. Madaktari wako Kabete, katika kitivo cha mifugo cha Chuo Kikuu cha Nairobi, si mbali na Kawangware, na shirika la KSPCA liko Karen. Uliza pia juu ya kumfunga uzazi, usije ukawa wewe ndiwe unayejaza njia.

Binti wa fundi cherehani alikaa mwaka mzima bila kutaka kusikia habari za mbwa. Kisha mbwa jike wa nyuma ya bucha alizaa watoto wanne, naye akaenda kuwatazama kila jioni kwa majuma manane, akarudi na mmoja wa rangi ya udongo. Amechanjwa mara mbili sasa. Juzi nilipopeleka suruali ishonwe nilimkuta amelala chini ya cherehani juu ya vipande vya vitambaa, akaniangalia kwa jicho moja, akaona sina neno, akalifumba.