Mfuniko uwe karibu na karai

Sikukuu zikikaribia hapa kijijini kwetu Bisibo, kuku huingia karaini, na mwenye bata mzinga humkaanga pia. Hatari kubwa ni maji. Maji huchemka kwa nyuzi 100, ilhali mafuta ya kukaangia hupita 170. Nyama mbichi yenye maji ikitumbukia, maji hugeuka mvuke ghafla na kurusha mafuta hadi kwenye makaa. Basi nyama ikaushwe, mafuta yasipite nusu ya karai, watoto wakae mbali. Mafuta yakiwaka, tunawasihi akina mama na vijana wetu: msimwagie maji, wala msilibebe karai. Lifunikeni. Zimamoto hupigiwa 114, lakini kijijini mfuniko ndio unaowahi. Aliyeungua amwagiwe maji baridi dakika 20, asipakwe dawa ya meno, apelekwe zahanati.