Zawadi Isiyo Zawadi: Magita ya Bahati Nasibu na Urithi wa Benga

Katika miaka ya karibuni pamezuka, hasa Uingereza na Marekani, biashara ya kugawa magita ya umeme yenye thamani kubwa kwa njia ya bahati nasibu za intaneti. Mwenye gita, au kampuni iliyolinunua kwa nia hiyo, huonyesha picha yake, hutangaza idadi ya tiketi na bei ya kila moja, kisha siku ya droo ikiwadia kompyuta huteua nambari moja. Mtu mmoja hupelekewa gita hadi mlangoni pake. Waliosalia, ambao huenda wakawa maelfu, huambiwa wajaribu tena. Shughuli yote hii huitwa kutoa zawadi.

Yamkini msomaji atauliza haya yanahusiana vipi na Homa Bay na Migori, ambako hakuna duka linalouza magita ya aina hiyo. Uhusiano upo, na ni wa pande mbili. Kwanza, kaunti hizi mbili zimo katika kitovu cha muziki wa benga, na benga ni muziki wa gita. Pili, wakazi wake, kama Wakenya wengine, wamekwisha kuizoea droo. Tangu huduma ya M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, kutuma shilingi chache kwa simu ili kuwania pikipiki, gari au fedha taslimu kumekuwa jambo la kila siku. Mtu anayewania pikipiki leo hatashangaa kuwania gita kesho. Swali linalofaa kuulizwa mapema ni hili: gita likigawiwa kwa njia hiyo katika nchi ya benga, ni nani atakayekuwa amepewa, na amepewa nini?

Ni vyema kuanza na thamani yenyewe. Gita la umeme huwa adimu kwa sababu mbili: uchache wake na historia yake. Magita ya Gibson Les Paul yaliyoundwa kati ya 1958 na 1960 ni mfano wa sababu ya kwanza. Yalipotoka kiwandani hayakupata wanunuzi wengi, na kiwanda kikaacha kuyaunda. Miaka michache baadaye wapigaji mashuhuri wa Uingereza na Marekani wakayapenda, na kitu kilichokuwa kimekosa soko kikawa kinatafutwa kwa udi na uvumba. Sababu ya pili inadhihirika katika gita jeusi la David Gilmour wa kundi la Pink Floyd, ambalo liliuzwa kwa mnada jijini New York mwezi Juni 2019 kwa takriban dola milioni 4. Mbao na nyaya zake hazina thamani hiyo. Kilichonunuliwa ni kumbukumbu ya nyimbo zilizopigwa kwalo. Itafaa kukumbuka pia kwamba Gilmour aliyatoa mapato ya mnada huo kwa shirika la kutetea mazingira. Huko, angalau, ilijulikana wazi ni nani anayeuza, ni nani anayenunua, na ni nani anayepewa.

Sasa tutazame Nyanza Kusini, kama eneo hili lilivyoitwa kabla ya kugawanywa. Gita lilipofika huku halikukuta ombwe. Lilikuta nyatiti, ala ya nyuzi nane ambayo mpigaji wake huketi chini, akavaa pete ya chuma katika kidole cha mguu na kuigongesha kwenye ala ili kujiwekea mapigo, huku njuga za mguuni zikimwitikia. Wapigaji wa benga waliihamishia mbinu hiyo kwenye gita: nyuzi zinadonolewa moja moja kwa kasi, gita la solo linajibizana na sauti ya mwimbaji, besi inabeba kazi ya mguu. Daniel Owino Misiani, aliyezaliwa upande wa Shirati nchini Tanzania na kufanya kazi yake kubwa Kenya hadi alipofariki katika ajali ya barabarani mwaka 2006, alilibeba jina la Shirati katika kundi lake na kulifanya lijulikane kote Afrika Mashariki. Mtayarishaji Phares Oluoch Kanindo, ambaye pia aliwahi kuwa mbunge, alizisambaza santuri za benga hadi Zimbabwe, ambako jina lake likageuka kuwa jina la mtindo wenyewe. Ni nadra kwa jina la mfanyabiashara kuingia katika msamiati wa muziki wa nchi nyingine. Wanaisimu wetu wangepata hapo mada ya tasnifu.

Hata hivyo, ni wangapi kati ya wapenzi wa Misiani wanaoweza kueleza gita lake lilikuwa la aina gani na liko wapi leo? Kwa kiasi kikubwa, gita la benga limekuwa chombo cha kazi. Hupigwa usiku kucha matangani na harusini, kwa umeme wa jenereta, likapata vumbi na jasho, likatengenezwa na fundi wa redio, hatimaye likafa kama jembe linavyokufa. Aghalabu halikuwa hata mali ya aliyelipiga. Wanamuziki wengi waliajiriwa na mwenye vyombo, na aliyemiliki vyombo ndiye aliyemiliki bendi. Mpigaji mahiri akikosana na mwenye vyombo aliondoka mikono mitupu. Hadi leo kijana wa Rongo au Mbita mwenye vidole vyepesi hukwama si kwa kukosa kipaji bali kwa kukosa gita na kipaza sauti chake. Hilo limechangia kinanda cha umeme kushika nafasi ya bendi nzima katika sherehe nyingi: mtu mmoja, ala moja, gharama moja.

Katika hali hiyo, droo ya gita yaweza kuonekana kuwa neema. Hoja ya wanaoitetea si dhaifu na haifai kupuuzwa. Husema kwamba maskini hawezi kabisa kununua gita la shilingi 300,000, lakini anaweza kununua tiketi ya shilingi 150. Husema pia kwamba kompyuta haimjui mtoto wa nani ni nani. Katika maeneo ambayo ugawaji wa vitu umezoeleka kufuata ukoo, chama cha siasa au ujamaa na mheshimiwa fulani, upofu wa bahati ni aina ya haki. Aliyewahi kuona misaada ikigawiwa kwa orodha iliyoandikwa usiku ataelewa mvuto wa hoja hii.

Lakini hesabu ina lugha yake. Tuchukue mfano wa kubuni: gita la shilingi 300,000, tiketi 4,000, kila moja shilingi 150. Zikiuzwa zote, mwandalizi atakusanya shilingi 600,000. Akishalitoa gita, atabaki na 300,000 kabla ya gharama zake. Mpigaji wa Oyugis anayejinyima na kununua tiketi 20 atatoa shilingi 3,000, na nafasi yake ya kushinda itakuwa moja kati ya 200. Kwa maneno mengine, wapigaji 200 kama yeye wakifanya hivyo, kwa pamoja watakuwa wamelipa bei ya magita mawili na kupata moja. Ni nani basi aliyempa mwenzake zawadi? Ukweli ni kwamba walioshindwa ndio waliomnunulia mshindi gita, na wakamlipa mwandalizi ujira mnono kwa kuwakutanisha. Kisha mshindi mwenyewe, ikiwa ana karo ya kulipa au mgonjwa hospitalini, ataliuza gita hilo, na hakuna atakayemlaumu. Mnunuzi atatoka Nairobi au ng'ambo. Gita litakuwa limepita Homa Bay kama basi la usiku.

Hapa ndipo wanafunzi wa Kiswahili wanapopaswa kuingilia kati, kwa kuwa udanganyifu huu ni wa maneno kabla haujawa wa fedha. Kiswahili hakina uhaba wa istilahi za utoaji: zawadi, tunu, hidaya, hiba, takrima, bakshishi, tuzo, sadaka. Kila moja ina mipaka yake. Zawadi ni kitu apewacho mtu bila kukitolea malipo. Tuzo hutokana na kutuza, yaani kumlipa mtu heshima kwa jambo alilolitenda vyema. Anayeshinda droo hakutenda jambo lolote, kwa hiyo hakutuzwa, na alilipa, kwa hiyo hakuzawadiwa. Jina la kitendo hicho lipo, nalo ni kamari. Kuiita zawadi ni sawa na kumwita mchuuzi mfadhili kwa sababu ametabasamu alipopokea fedha.

Sheria za nchi mbalimbali zimelitambua jambo hilo, ingawa kwa njia za mzunguko. Nchini Uingereza, Sheria ya Kamari ya 2005 huiruhusu droo kuendeshwa bila leseni ya bahati nasibu ikiwa mtu anaweza kushiriki bila malipo, kwa mfano kwa kutuma barua ya kawaida. Ndiyo maana matangazo mengi ya huko huonyesha, kwa maandishi madogo, anwani ya posta. Barua hiyo ndiyo inayoigeuza kamari kuwa droo huru mbele ya sheria. Nchini Kenya, Sheria ya Kamari, Bahati Nasibu na Michezo ya 1966 ilidai leseni kwa bahati nasibu za umma. Mwaka 2025 ilipitishwa sheria mpya ya kudhibiti kamari, ambayo imeundiwa mamlaka yake na inaitazama pia michezo ya mtandaoni. Ni hatua njema. Hata hivyo sheria hulinda mfuko. Maana ya maneno hulindwa na wenye lugha.

Isitoshe, wapenzi wa benga wana desturi yao ya kutoa fedha mbele ya gita, na desturi hiyo ni bora kuliko droo. Katika dansi za Waluo kuna pakruok, ambapo mtu husimamisha muziki kwa malipo, akajisifu au akamsifu rafiki, ukoo na kijiji chake kwa lugha ya mafumbo, kisha muziki ukaendelea. Wasomaji wa pwani watakumbuka jinsi mwimbaji wa taarabu anavyotunzwa jukwaani, mtu akienda na noti mkononi kwa sababu shairi limemgusa au limemchoma jirani yake. Katika hali zote mbili mtoaji anajulikana, mpokeaji anajulikana, na fedha zinazaa maneno. Hakuna anayeondoka na tiketi iliyopotea. Aliyetoa amepata sifa, aliyepiga amepata riziki, na hadhira imepata fasihi. Droo ya intaneti huchukua fedha zilezile na kurudisha kimya.

Haina maana kwamba kura yenyewe ni haramu kwa urithi wetu. Neno kura, kabla ya kuhusishwa na masanduku ya uchaguzi, lilimaanisha kuamua kwa bahati jambo ambalo watu hawakutaka kuligombania. Wanawake wa Homa Bay na Migori huitumia hadi leo katika nyoluoro, vyama vyao vya kuchangiana fedha kwa mzunguko. Wanachama wakitoa kiasi sawa kila wiki, kura yaweza kuamua ni nani atakayepokea kwanza na ni nani wa mwisho. Tofauti na droo ni kubwa mno: kura ya nyoluoro hupanga zamu, haimtengi mtu. Wa mwisho hupata kile alichokipata wa kwanza.

Kwa hiyo, iwapo kampuni, mwanasiasa au mzaliwa wa Ndhiwa aishiye ughaibuni ana gita la thamani na anataka kweli kulitoa, Kiswahili kinalo neno la kumwelekeza: wakfu. Mali ya wakfu haiuzwi, hairithiwi na mtu mmoja, wala haiwekwi rehani. Hutumiwa na wanaostahiki, na asili yake hubaki. Gita la wakfu laweza kuwekwa chini ya Chuo Kikuu cha Rongo kwa upande wa Migori na Chuo Kikuu cha Tom Mboya kwa upande wa Homa Bay, au chini ya idara za utamaduni za kaunti ikiwa vyuo vitasita. Wapigaji chipukizi wangejiandikisha, wakasikilizwa na wazee wa benga, na waliohitimu wangepigiwa kura ya zamu, mathalani miezi mitatu kila mmoja. Kila anayelirudisha angeacha rekodi ya angalau wimbo mmoja, pamoja na maelezo ya namna alivyojifunza mtindo wake na kwa nani. Baada ya miaka michache gita hilo lingekuwa na historia iliyoandikwa, yaani kile hasa kinachoyapa magita ya New York bei zake.

Mpango huo una matatizo yake, nayo yasifichwe. Gita huvunjika, nyuzi hukatika, na vifaa vya umma nchini vina tabia ya kuhamia nyumbani kwa wakubwa. Itahitajika daftari la kukabidhiana mbele ya mashahidi, fundi anayejulikana, na mfuko mdogo wa nyuzi na matengenezo. Mfuko huo wa mwisho ndio utakaosumbua zaidi, kwa sababu wafadhili hupenda kupigwa picha na gita, wala si rahisi kumpata anayetaka kupigwa picha na pakiti ya nyuzi. Pengine usiku mmoja wa pakruok kila mwaka, Awendo au Kendu Bay, ungetosha kuulipia.